Gitaa la mtumba, shingo iliyopinda na nyuzi za rangi ya dhahabu

"Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Uyole hapa Mbeya. Tangu kidato cha pili natamani gitaa la umeme. Kuna kwaya ilitutembelea shuleni Tukuyu, nikamwona mpiga solo wao, na mpaka leo sijamsahau. Mwaka huu nimejibana nikaweka pembeni laki sita. Nimepata gitaa la mtumba Mwanjelwa, kichwani limeandikwa Fender, umbo lile la pembe moja, lina pikapu mbili. Muuzaji anataka laki nne na nusu, anasema lilitoka Zambia kupitia Tunduma. Nimelijaribu kwenye sabufa yake. Nyuzi mbili nyembamba zinalia sana, ila zile nne nene, ambazo zina rangi ya dhahabu, sauti yake imefifia kama imefunikwa blanketi. Kitufe cha sauti nikikizungusha kinakwaruza. Nyuzi ziko juu. Nilipima kwa rula ya mwanangu katikati ya shingo nikapata milimita 5. Na shingo yenyewe imepinda kidogo kwenda mbele, kama upinde. Shemeji yangu anayepiga besi kanisani anasema shingo ikipinda gitaa limekufa, na kwamba anayeanza aanze na gitaa kavu. Mume wangu yeye anaogopa shoti. Je, ninunue au niache?"

Marahaba mama. Umeniandikia mambo ambayo wengi huyaacha: umepima kwa rula, umetaja rangi ya nyuzi, umesema zipi zinalia na zipi zimefifia. Kwa maelezo hayo naweza kukwambia jambo moja tangu mwanzo. Yale mawili yanayokutia hofu zaidi, shingo iliyopinda na nyuzi nene zilizofifia, huenda chanzo chake ni kimoja, na dawa yake ni seti mpya ya nyuzi. Nasema huenda kwa sababu shingo hiyo sijaishika mkononi. Lakini kuna namna ya kuhakikisha mwenyewe kabla hujatoa hata senti, na ndiyo nitakayokueleza.

Tuanze na hiyo rangi ya dhahabu. Nyuzi nene za gitaa lolote zina sehemu mbili: moyo wa chuma cha pua katikati, na waya mwingine uliozungushwa juu yake. Za gitaa la umeme waya wa juu ni wa chuma au nikeli, unang'aa kama sufuria mpya. Za gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme, waya wa juu ni mchanganyiko wa shaba, na ndiyo hiyo rangi ya dhahabu uliyoiona. Kwa maelezo yako mtu alivalisha gitaa la umeme nyuzi za gitaa kavu. Hutokea sana huku kwetu, kwa sababu dukani ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na kwa macho ya asiyejua uzi ni uzi.

Sasa kwa nini zimefifia? Ile pikapu chini ya nyuzi siyo kinasa sauti kama maikrofoni. Haisikii hewa hata kidogo. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, unaitikisa nguvu ya sumaku ile, na nguvu ya sumaku ikitikisika ndani ya mizunguko ya waya, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya huo. Ni kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, na ndiyo inayotumika kwenye mashine za kufua umeme mpaka leo. Shaba haivutwi na sumaku. Kwa hiyo pikapu inapotazama uzi wako mnene, inachoona ni ule moyo mwembamba wa chuma tu. Unene wote wa shaba juu yake ni kama haupo. Zile nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu, ndiyo maana zinalia kwa nguvu. Kama pikapu ingekuwa imeungua, zingefifia zote sita kwa pamoja. Hazikufifia zote, na hilo ni jambo jema.

Nyuzi hizohizo ndizo nazishuku kwa shingo pia. Seti ya kawaida ya gitaa la umeme, ile inayoanza na uzi wa 010 na kuishia 046 (namba hizo ni unene wa uzi), ikishakazwa huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45. Seti ya kawaida ya gitaa kavu, inayoanza na 012, huvuta kilo 70 hivi. Shingo ya gitaa lako imekuwa ikibeba karibu nusu zaidi ya mzigo wake, tena sijui kwa miezi au miaka mingapi. Shingo ikivutwa hivyo itainama mbele, na ikiinama, nyuzi zitapanda katikati. Milimita 5 ulizopata ni nyingi mno. Kwa gitaa la umeme lililo sawa, katikati ya shingo utapata milimita 2 au chini kidogo.

Hapa lazima nimsahihishe shemeji yako, kwa heshima, maana wanaosema kama yeye ni wengi. Shingo ya gitaa hutakiwa kupinda kidogo kwenda mbele. Uzi unapolia hutanuka, upana wake mkubwa ukiwa katikati, na shingo iliyonyooka kama rula ingeugusa na kuufanya utetereke. Tena ndani ya shingo nyingi mno za magitaa ya umeme kuna chuma kirefu, mafundi tunakiita trasi rodi, ambacho kazi yake ni kuvutana na nyuzi. Nyuzi zinavuta mbele, chuma kinavuta nyuma, na pale mwishoni kuna nati ya kukikaza au kukilegeza. Shingo iliyoinama mbele kwa urefu wake wote, kama upinde, mara nyingi inarudi. Kinachoua gitaa ni kingine: shingo iliyojisokota, yaani upande wa nyuzi nene umeelekea huku na upande wa nyuzi nyembamba umeelekea kule, kama kitambaa unachokikamua. Trasi rodi haina uwezo juu ya msokoto. Inavuta mbele na nyuma tu.

Msokoto nimeujua kwa kulipa. Gitaa langu la kwanza nililinunua usiku, baada ya dansi, kutoka kwa bendi iliyokuwa inavunjika na kila mtu anauza alichonacho. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na aliyeniuzia alilipiga pale mbele yangu vizuri ajabu. Alipiga karibu na kichwa tu, freti tano za kwanza, yaani vile vijichuma vinavyokatiza shingo. Asubuhi nikalitazama kwenye mwanga wa mlango: kichwa kimeelekea kushoto, kiwiliwili kimeelekea kulia. Juu ya freti ya saba hakuna noti iliyokuwa safi. Nilikaa nalo miaka, sikuwahi kulipiga nikaridhika, na sikuwa na moyo wa kumuuzia mwingine. Ndiyo maana nakusihi: usinunue usiku, wala usikubali muuzaji ndiye akupigie.

Nenda mchana. Simama mlangoni ambapo mwanga unaingia kutoka mbele yako. Liegemeze gitaa, weka jicho lako upande wa kiwiliwili, karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia, uangalie kuelekea kichwani, kama fundi seremala anavyotazama ubao kama umenyooka. Utaziona freti zikiwa mistari mingi, moja nyuma ya nyingine. Sasa linganisha freti ya mwisho na ile ya kwanza kabisa. Mistari ikiwa sambamba, ya mbali na ya karibu, shingo haijasokotwa. Moja ikiwa imelala kidogo na nyingine imeinuka, rudisha gitaa, mshukuru muuzaji, uende zako, hata akipunguza bei mara mbili.

Kupinda kwa mbele utakupima hivi. Bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili. Uzi uliovutwa hivyo ni rula, haujui kupinda. Mwombe mwanao achungulie katikati, kwenye freti ya saba au ya nane, kuna nafasi gani kati ya uzi na freti. Nafasi nzuri ni unene wa karatasi mbili tatu za fotokopi. Kwa gitaa lako natarajia utakuta kubwa zaidi, pengine milimita nzima au zaidi. Usishtuke. Andika ulichopata, maana utapima tena baada ya nyuzi kubadilishwa, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo jibu la swali lako.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kujadili bei, mpe muuzaji pendekezo hili: unanunua seti mpya ya nyuzi za gitaa la umeme, 009 au 010, kwa pesa yako, zinafungwa palepale dukani kwake, gitaa linalala kwake usiku mmoja likiwa limekazwa sawasawa, kesho unarudi kupima. Mbao haina haraka. Mzigo ukipungua leo, shingo huendelea kusogea taratibu kwa saa kadhaa. Kama nafasi ile imepungua na mistari ya freti iko sambamba, una gitaa zima. Kama imebaki vilevile, bado kuna trasi rodi: nati yake inageuzwa robo mzunguko kuelekea kulia, unasubiri, unapima tena. Kwa umbo hilo la gitaa nati huweza kuwa kichwani au mwisho wa shingo ndani ya kiwiliwili, na ikiwa huko ndani, shingo hufunguliwa kwanza. Kazi hiyo mwachie mwenye uzoefu. Nati ikigoma, asiilazimishe. Trasi rodi ikikatika ndani ya shingo, hapo ndipo maneno ya shemeji yako yanakuwa kweli.

Kuna faraja moja kuhusu umbo hilo. Aliyelibuni, Leo Fender, alikuwa fundi redio huko California, wala hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1950 alipotoa gitaa lake la kwanza la namna hii, shingo hakuigundisha kwa gundi kama walivyofanya mafundi wa magitaa wa zamani. Aliifunga kwa skrubu nne nyuma. Aliwaza kama fundi redio: kilichoharibika kifunguliwe, kiwekwe kingine. Kwa hiyo hata siku shingo hiyo itakapokufa kweli, kiwiliwili na umeme wake havifi nayo. Geuza gitaa uzione hizo skrubu. Kisha shika kichwa kwa mkono mmoja na kiwiliwili kwa mwingine, tikisa taratibu, shingo isicheze.

Nyuzi mpya zikishafungwa, keti na gitaa dakika kumi, hata bila kuliunganisha popote. Piga kila uzi kwenye kila freti, zote 21 au 22, polepole. Huhitaji kujua wimbo wowote kwa kazi hiyo. Unasikiliza noti inayokufa mapema, au inayotetereka kama nzi aliyenaswa kwenye karatasi. Ikitetereka karibu kila mahali, ni marekebisho tu ya kimo cha nyuzi na shingo. Ikitetereka kwenye freti moja tu, kuna freti jirani iliyoinuka, au hiyo yenyewe imelika. Pitisha ukucha juu ya freti tatu za kwanza, chini ya nyuzi nyembamba. Mikwaruzo midogo ni kawaida ya gitaa lililopigwa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, freti hizo zitahitaji kusawazishwa, na kwa kazi hiyo omba upunguziwe bei.

Pitisha pia kiganja chako pembeni mwa shingo, toka kichwani mpaka kiwiliwili. Huku nyanda za juu kiangazi ni kikavu na kina baridi, na mbao ikikauka hunywea kwa upana wake, si kwa urefu. Freti ni chuma, hazinywei. Ncha zake hubaki zimetokeza na kukwaruza mkono kama meno ya msumeno mdogo. Gitaa lililokaa Kyela kwenye joto na unyevu wa ziwa, likipandishwa Uyole mwezi wa saba, litafanya hivyo karibu kwa hakika. Si ubovu, ni tupa ndogo na mkono wenye subira. Lakini fahamu pia kwamba shingo itasogea kidogo kila msimu unapobadilika, kiangazi na masika, kwa hiyo jifunze kupima kwa karatasi, uwe unapima mwenyewe.

Jambo moja dogo ambalo wengi hulisahau. Kule mwisho wa shingo, kabla ya kichwa, nyuzi hupita kwenye vijinafasi vya kipande cheupe cha mfupa au plastiki. Aliyefunga nyuzi nene za gitaa kavu huenda alivipanua kwa tupa ili ziingie. Nyuzi mpya zikifungwa, piga kila uzi wazi bila kubonyeza popote. Ukisikia mlio wa kutetereka ambao unapotea ukibonyeza freti yoyote, basi vijinafasi vimepanuliwa. Kipande hicho hubadilishwa, hakikuzuii kununua.

Kukwaruza kwa kitufe cha sauti ni tatizo dogo kuliko yote uliyoyataja, ingawa ndilo linalotisha masikio. Ndani ya kitufe kuna njia ya kaboni yenye umbo la kwato ya farasi, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Vumbi na kutu vikiingia kati yao, mawasiliano yanakatika na kurudi, na kila kukatika ni mkwaruzo. Fundi redio yeyote ana dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi; apulize kidogo, azungushe kitufe mara ishirini, kwisha. Kisipopona kinabadilishwa. Huyohuyo fundi redio umwombe mita yake dakika moja: chomeka waya kwenye gitaa, fungua sauti mpaka mwisho, agusishe ncha ya plagi na shina lake, apime ukinzani huku wewe ukigeuza swichi ya pikapu. Kwa pikapu za umbo hilo atasoma kilo-om 5 mpaka 8 hivi kwa moja moja. Zile pana zenye mafungu mawili ya waya husoma zaidi. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, mwambie kwanza aangalie viungo vya risasi na jeki, yaani tundu la kuchomekea waya, maana hapo ndipo panapoachia mara nyingi, kabla ya kuihukumu pikapu.

Ila fundi redio abaki kwenye umeme. Na fundi seremala asipewe shingo hata kidogo. Nimeletewa gitaa ambalo seremala, kwa nia njema kabisa, aling'oa freti akapiga randa ubao ili unyooke, akarudisha freti kwa gundi. Ubao ulinyooka kweli. Lakini freti zilirudi milimita moja huku, moja kule, na gitaa likawa haliimbi sawa popote. Yule kijana alilia mbele yangu.

Kuhusu sabufa: itakulilia, lakini usiitumie kulihukumu gitaa, wala usiifanye kuwa amplifaya yako ya kudumu. Sabufa imetengenezwa kupokea sauti ya simu au deki, ambayo tayari imeshakuzwa. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo sana na hauna msukumo. Ukiuingiza kwenye mlango uliotengenezwa kwa simu, mlango unaunyonya, na sauti za juu ndizo hufa kwanza. Sehemu ya lile blanketi ulilolisikia ilitoka huko. Ni vilevile mikseri ya kanisani: ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mlango wa kawaida, sauti hutoka imekufa, watu wakailaumu pikapu. Kati ya gitaa na mikseri panatakiwa kijisanduku tunachokiita DI, au mlango wa mikseri ulioandikwa kwamba ni wa gitaa.

Kwa nyumbani, nakushauri uanze na kile kiamplifaya kidogo kinachochomekwa kwenye gitaa lenyewe na kusikilizwa kwa hedifoni, kinachotumia betri au kuchajiwa kama simu. Watoto watalala, wewe utapiga. Na kitamtuliza mume wako, ambaye hofu yake ina msingi ingawa ameielekeza pasipostahili.

Gitaa lenyewe halina umeme wa kumpiga mtu. Halichomekwi ukutani, linazalisha kile kiasi kidogo nilichoeleza, ambacho huwezi hata kukihisi. Hatari iko kwenye kifaa kinachounganishwa nalo. Nyuzi za gitaa, kupitia daraja, zimeunganishwa na waya wa ethi wa amplifaya, na hili hufanywa makusudi ili kupunguza mvumo. Unajua ule mvumo unaonyamaza ukishika nyuzi? Hiyo ni dalili njema, ethi ya gitaa inafanya kazi. Ukishika nyuzi mvumo ukaongezeka, kuna waya umeachia au umegeuzwa, mwonyeshe fundi. Sasa kama amplifaya ina hitilafu ndani, na mtu ameikata ile pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya pini mbili, umeme wa volti 230 unaweza kufika kwenye nyuzi ulizoshika. Wanaoumia mara nyingi wameshika gitaa huku midomo inagusa maikrofoni iliyounganishwa na umeme wa njia nyingine. Kwa hiyo: plagi ya pini tatu isiyokatwa, soketi yenye ethi ya kweli iliyopimwa na fundi umeme, na amplifaya na mikseri zichomekwe kwenye ekstensheni moja. Kiamplifaya cha betri hakina hatari hiyo, ilimradi hukichaji huku unapiga.

Ukija kutafuta amplifaya kubwa ya mtumba, soma kibandiko cha nyuma kwanza. Zilizotengenezwa kwa matumizi ya Japani zinataka volti 100, za Marekani 120. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye 230 zetu zinaungua papo hapo, zinahitaji transfoma ya kushusha. Na zile za zamani zenye taa za kioo ndani usizifungue, wala usimruhusu mtu asiyezijua. Hubaki na mamia ya volti ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Jina la Fender kichwani usililipie. Kibandiko cha jina hununuliwa, na magitaa ya kughushi yenye majina makubwa yapo mengi duniani. Namba ya nyuma nayo huandikwa tu. Gitaa lisilo la Fender linaweza kuwa zuri sana, na pia Fender halisi linaweza kuwa limesokotwa. Muulize muuzaji: "Kama lisingekuwa na maandishi haya, ungeuza ngapi?" Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Mweleze ulichokikuta: nyuzi si zake, kitufe kinakwaruza, nyuzi ziko juu milimita 5. Kila kimoja kina gharama. Kati ya laki sita zako, baki na pesa ya nyuzi, waya mzuri, kiamplifaya, mfuko wa kubebea na fundi. Ukimaliza yote kwenye gitaa, utakaa na ubao mzuri usiolia.

Na kwa kuwa lilivuka mpaka, dai karatasi. Vyombo vya makanisa na bendi huibiwa, na kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi ni kosa kisheria, hata kama ulilipa kwa jasho lako. Andikeni hati ya mauziano yenye namba ya gitaa, majina yenu, nakala ya kitambulisho chake na shahidi mmoja, ikiwezekana mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Wala usitume hela ya kushikilia kwa simu. Lipa siku unayoondoka nalo.

La mwisho ni hilo la kuanza na gitaa kavu. Wazee wetu wengi walianzia kwenye galatoni, gitaa kavu la zamani, kwa sababu ndilo lililokuwepo, wakaja kwenye umeme vidole vimeshakuwa vigumu. Walifanya makubwa, na Iringa yetu ilikuwa na bendi ya Tancut Almasi ikivuma miaka ya 1980. Lakini hakuna sharti kama hilo. Nyuzi za 009 ni laini, zinabonyezeka bila kuumiza, na shingo ya gitaa la umeme ni nyembamba. Kwa mkono wa mtu mzima anayeanza baada ya kazi na watoto, ni rahisi zaidi kuliko gitaa kavu. Na wewe kilichokushika moyo Tukuyu ni sauti ya solo ya umeme. Mtu hujifunza kwa bidii kile anachokitamani. Miaka 29 hivi umekitamani hicho, usikizunguke sasa.

Ningekuwa mimi, ningelinunua iwapo mistari ya freti iko sambamba na shingo imeonyesha kurudi baada ya usiku ule mmoja. Imegoma kurudi lakini haijasokotwa, mtafute kwanza mtu wa kulishika: mpiga gitaa wa kwaya au bendi mwenye miaka mingi, aliyewahi kugeuza trasi rodi kwa mkono wake, uende naye dukani ukimlipa nauli na muda wake. Fanya hivyo pia ukiona mstari wa ufa nyuma ya shingo karibu na kichwa, ambao ukucha unaunasa. Imesokotwa, liache hapohapo.

Ukilipata, usilipeleke nyumbani kwenye buti la daladala chini ya magunia ya viazi. Lipakate. Nyuzi zile za dhahabu ziombe muuzaji akupe. Kama hazijashika kutu, zitamfaa mwenye gitaa kavu. Na ukishapima mara ya pili, niandikie vipimo vyote viwili, cha kabla na cha baada ya usiku, kwa idadi ya karatasi. Nitakwambia nati igeuzwe au iachwe.